Wakili wa benki si wako

Ndugu, umeuliza kama wakili wa benki anatosha kwa nyumba unayonunua, maana mkopo umeshapita. Hatoshi, labda awe amekubali kwa maandishi kukuwakilisha na wewe pia. Yeye analinda dhamana ya benki. Jirani akiwa na haki ya kupita uani kwako, hilo ni tatizo lako, si lake.

Tafuta wako, apekue mwenyewe daftari la ardhi, asitegemee nakala ya hati aliyoleta muuzaji. Aangalie jina, mipaka, na rehani ya zamani. Hiyo ya mwisho ina mtego: deni limelipwa kitambo, lakini hakuna aliyesajili kufutwa kwake, na uhamisho unakwama hapo.

Arubuni, yaani malipo ya kutangulia, usitoe kabla mkataba haujasema utarudishiwa benki ikighairi. Muuzaji akinuna, mwache anune.