Maswali ya wasomaji: Mashine inachemka, nawe unanunua RAM

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya joto, na mengi hayataji hata aina ya mashine. "Inachemka, nifanyeje?" siwezi kulijibu. Andika modeli, umri wake na nyuzi ulizopima. Hujapima? Basi soma jibu la kwanza.

Laptopu yangu inajizima kila baada ya nusu saa. Fundi amepiga Windows mara mbili, bado. (Sinza)

Na ya tatu atapiga, mradi unalipa. Windows haifuti vumbi. Pakua HWiNFO au Core Temp, programu za kupima joto, zote za bure, uiache wazi ukiwa kazini. Ikizimika ikiwa nyuzi 60, joto halihusiki. Kagua chaja, betri na tundu la chaja. Ikizimika ikikaribia 100, fungua kifuniko cha chini.

Chomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine. Ukikuta betri imevimba, ishia hapo hapo: usiibonyeze, usiidungue kwa bisibisi, inaweza kulipuka moto. Kama ni nzima, ng'oa feni, kwa sababu vumbi hujikunja kama blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, na kupuliza kutoka nje kunalishindilia tu. Safisha kwa brashi laini ya rangi, kisha blowa, huku umezuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke.

Mashine ya miaka mitatu na zaidi ibadilishie pia pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo. Futa ile ya zamani kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Skrubu za kipozeo mara nyingi zina namba. Zifuate, ukikaza kidogo kidogo kwa zamu. Zile raba laini za kijivu kwenye chipu za pembeni zirudishe zilipokuwa. Mafundi wengi huzitupa na kupaka pesti, na pesti haizibi pengo lile.

Nyuzi ngapi ni hatari? (Tabata)

Laptopu ikiwa imetulia, 45 hadi 55 ni kawaida kwa Dar; kipozeo hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba, na Februari chumba chenyewe kina 31. Kazini, 80 na kitu usihangaike. Inapofika 95 hadi 100 prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Huo ndio "uzito" mnaoulalamikia.

Nimetoa ubavu wa CPU na kuelekeza feni ya mezani. Ni sawa? (Kigamboni)

Hilo ni kasha. CPU ni prosesa, chipu iliyo ndani. Ubavu wazi ni kipimo kizuri: joto likishuka nyuzi 10 au zaidi, kasha halipumui. Kagua feni: hewa kwa kawaida hupulizwa upande wenye mikono inayoshika mota. Ya mbele iingize, ya nyuma itoe. Kisha rudisha ubavu, hasa huko pwani, maana vumbi lenye chumvi na unyevu hula miguu ya chipu.

Nikiongeza RAM itapoa? (Mbagala)

Hapana.

Dawa ya meno badala ya pesti? (Ukonga)

Itapoza kwa muda mfupi, maji yake yakauke, ubaki na ukoko unaozuia joto. Tyubu ndogo ya pesti ipo Kariakoo.