Superbooth Berlin kwa mpiga kinanda wa taarab: nenda, ila nenda na swali la robo toni

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kuna faida gani kusafiri kutoka Stuttgart hadi Berlin mwezi Mei kwa ajili ya Superbooth, maonyesho ya sintesaiza (vyombo vya umeme vinavyounda sauti), wakati video za sintesaiza zote mpya zinawekwa mtandaoni siku hiyo hiyo. Pili, mpiga kinanda wa taarab ana kazi gani pale katikati ya watu wa muziki wa elektroniki. Mimi naishi Hamburg, napiga kinanda kwenye kikundi cha harusi na sherehe za jumuiya yetu, na Superbooth naijua vizuri. Nakujibu kwa urefu kwa sababu suala hili naliishi.

Kwa kifupi, nenda. Video itakuonyesha sauti nzuri ambazo mtu mwingine amezichagua, kwa muziki wake. Haitakuonyesha kama chombo kinaweza kupiga rast, moja ya maqam (mipangilio ya noti ya Kiarabu tunayoitumia kwenye taarab). Wanaotengeneza video hizo hawaulizi, kwa kuwa muziki wao hauhitaji. Lazima uulize mwenyewe, na Superbooth ndipo mahali ambapo aliyetengeneza chombo mara nyingi amesimama nyuma ya meza yake, hatua moja kutoka kwako.

Tueleze mahali kwanza, kwa wasiopajua. NAMM ya Anaheim, California, ni maonyesho ya wafanyabiashara wa vyombo vya muziki, hufanyika zaidi mwezi Januari, na mtu wa kawaida hawezi kukata tiketi mlangoni akaingia. Musikmesse ya Frankfurt, iliyokuwa kubwa kwa Ujerumani, imeshasimama. Superbooth ilianza 2016 chini ya Andreas Schneider, mwenye duka la SchneidersLaden hapo Berlin, na tangu 2017 iko FEZ, jumba la watoto na vijana ndani ya msitu wa Wuhlheide, lililofunguliwa 1979 enzi za Ujerumani Mashariki. Tiketi inauzwa kwa yeyote. Mabanda yametawanyika kwenye kumbi, kwenye korido, na mengine kwenye mahema nje chini ya miti. Kampuni kubwa za Japani ziko pale, na jirani yake unamkuta jamaa na mkewe wenye meza moja na modula nne (vipande vya sintesaiza) walizounganisha wenyewe kwa mkono.

Usidharau maonyesho ya namna hii ukadhani ni soko tu. Januari 1983, pale NAMM, walichukua Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, vyombo vya kampuni mbili zinazoshindana, wakaviunganisha kwa waya mmoja: ukipiga kimoja, na kingine kinalia. Ndiyo MIDI hiyo, lugha ya vyombo vya umeme kuwasiliana, ambayo leo iko kwenye kila kinanda unachokijua, hadi cha kanisani kijijini. Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland walikuja kupewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo mwaka 2013. Washindani wakikutana ukumbi mmoja, mambo huamuliwa. Na sisi tukikosekana ukumbini, huamuliwa bila sisi.

Sasa tuje kwenye robo toni. Kinanda cha kawaida kimegawa oktavu sehemu 12 sawa, kila sehemu senti 100 (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti). Piga rast kuanzia C: noti ya tatu na ya saba hazikai kwenye E wala E flati, wala kwenye B wala B flati. Zinakaa katikati, kama senti 50 (robo toni) chini ya E na B za kawaida, na hata hapo si senti 50 kamili, maana Waturuki huipandisha ile ya tatu kuliko Wamisri. Bayati, maqam nyingine, kuanzia D ina tatizo hilo hilo kwenye noti ya pili. Udi na fidla hazina shida, kidole kinaitafuta sauti mahali ilipo. Mpiga ganuni ana vile vikono vidogo vya chuma chini ya nyuzi, anavigeuza katikati ya wimbo na kuhama kutoka maqam moja hadi nyingine bila kukosa pigo. Mpiga kinanda asipokuwa na chombo kinachojua jambo hilo, ama anaikwepa noti, ama anaipiga vibaya na wapiga fidla wanamtazama.

Kwa hiyo kila banda unalofika, uliza hivi: naweza kushusha E peke yake kwa senti 50, oktavu zote, nikaihifadhi, halafu nikaiondoa katikati ya wimbo kwa kubonyeza kitu kimoja? Swali lina sehemu tatu, na kila sehemu inachuja vyombo vyake. Vingi vinakwama kwenye sehemu ya kwanza. Vingine vinakubali skeli (mipangilio ya noti) unazotengeneza mwenyewe lakini zimefichwa ndani ya menyu, kurasa tatu ndani, na huwezi kufika huko bi harusi akiwa anaingia ukumbini. Vichache sana vinafika sehemu ya tatu.

Kuna banda moja niliambiwa na muuzaji kwa tabasamu kubwa, "tumia gurudumu la kukunja sauti." Usikubali jibu hilo. Gurudumu linakunja noti zote zilizoko kwenye chaneli kwa pamoja. Ukishika C na E ukaishusha E, na C inashuka nayo, na wimbo unapinda wote. Anayekujibu hivyo hajaelewa swali, mwombe akuitie fundi. Hapo ndipo raha ya Superbooth ilipo, fundi anakuja kweli. Kwenye meza moja ndogo nje, kijana aliyeandika programu ya ndani ya kile chombo alitoa kompyuta yake, akaniuliza senti za kila noti, akaziandika kwenye faili la Scala, aina ya faili la kuandikia skeli, akalipakia. Nikapiga taksimu (upigaji wa kubuni papo hapo) fupi ya rast palepale, kwa hedifoni zangu. Akavaa yeye, akaniomba nirudie, akauliza kama wanaopiga hivi ni wengi. Nikamwambia aanze kuhesabu Misri, Iraki, Uturuki, Oman, halafu ashuke pwani hadi Zanzibar. Akaandika kwenye daftari. Kwa dakika hizo peke yake nauli ilikuwa imerudi.

Niseme kuhusu vyombo vyenyewe. Korg walifungua mlango kwa Monologue mwaka 2016, ambayo mwanamuziki wa elektroniki Aphex Twin alishiriki kuishauri na ndiye aliyesukuma habari ya skeli za kutengeneza mwenyewe. Minilogue xd ya 2019 ina jambo hilo pia, na inatoa sauti nne kwa wakati mmoja. Vibonyezo vyake 37 ni vyembamba, kwa hiyo mkono mkubwa ukavijaribu kwanza. Novation walizindua Peak palepale Superbooth 2017, nayo inakubali majedwali ya kupangia noti. Haina vibonyezo, utahitaji kibodi ya pembeni.

Lakini chombo ninachotaka uketi nacho ni Osmose ya Expressive E, Wafaransa. Ina vibonyezo 49 vya umbo la kawaida, ila kila kimoja kinatikisika kushoto na kulia. Ukibonyeza na kusukuma kidole pembeni kidogo, noti hiyo moja inapanda au inashuka, nyingine zinabaki zilipo. Ukigandamiza zaidi, sauti inafunguka. Yaani unaweza kuitafuta E ya rast kwa kidole kama mpiga fidla anavyoitafuta, na kuitetemesha hapo hapo. Haijifunzwi kwa siku moja, mkono uliozoea kinanda kigumu utasukuma mno mwanzoni. Ukiweza, kaa nayo robo saa nzima kabla ya kuamua chochote.

Osmose hiyo hiyo inatufundisha subira kuhusu vifaa vipya. Ilitangazwa 2019, na wengi waliolipia mapema waliishika mkononi 2023. Mengi utakayoyaona FEZ ni sampuli. Ukiambiwa "hilo litakuja kwenye toleo lijalo la programu," lihesabu kuwa halipo, ununue kwa kile kilichopo leo.

Jinsi ya kujaribu, maana ukumbi una kelele kweli kweli: beba hedifoni zako zinazoziba masikio, na adapta ya tundu kubwa la 6.35 mm. Usianze na sauti zilizopangwa kiwandani, zimetengenezwa kukuuzia. Omba sauti tupu, oskileta (chanzo cha sauti) moja, filta (kichujio cha sauti) wazi. Shika noti moja ya chini, zungusha nobu ya filta polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Ukisikia sauti inashuka kwa ngazi ngazi badala ya kuteleza, hiyo itakukera kila utakapotaka kuingiza sauti ya nyuzi taratibu. Pandisha rezonansi (msisitizo wa filta), sikiliza kama besi inakimbia. Geuza chombo nyuma, tazama kama tundu za MIDI za pini tano zipo au ni USB peke yake, na adapta ya umeme ni ya aina gani, hasa kama unafikiria kukipeleka nyumbani siku moja.

Modula za Eurorack, vipande vinavyounganishwa kwa nyaya, utazikuta kila kona. Kwa taarab ya jukwaani sikushauri, ingawa kwa masikio ya mtu wa maqam zina mantiki nzuri: volti moja ni oktavu moja, kwa hiyo robo toni ni kama milivolti 42 tu, na unaweza kuishusha noti kwa mkono. Kwa kurekodi ni raha. Kwa harusi, nyaya zile zote, hapana.

Ukiniuliza ununue nini kesho kama una harusi mwezi ujao, nitakwambia tafuta Yamaha ya mfululizo wa PSR-A au Korg Pa ya toleo la Mashariki, hata iliyotumika. Zilitengenezwa kwa ajili ya maqam, na vitufe vya kushusha noti unavifikia ukiwa unapiga. Sintesaiza iwe ya pili, ya kukupa sauti ambayo vikundi vingine havina.

Nenda Alhamisi, Jumamosi watu ni wengi na meza za Osmose na Korg zina foleni. Treni ni S3, unashuka Wuhlheide, kisha unatembea kidogo ndani ya msitu. Andika senti za rast, bayati na sikah kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, kwa maandishi makubwa. Fundi akikuuliza, unampa karatasi, mnaokoa muda wote wawili. Ukipata kampuni iliyokujibu vizuri sehemu zote tatu za swali, rudi hapa ututajie jina lake na toleo la programu uliyojaribu.