Picha imenata kwenye kioo

SWALI: Nilinunua picha ya milima ya Usambara, nyeusi na nyeupe, imeandikwa 7/25. Baada ya masika imenata kwenye kioo cha fremu. Niibandue? – Msomaji, Upanga

JIBU: Usiibandue, tabaka la juu litabaki kwenye kioo. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi picha ikiwa na kioo chake. Joto na unyevu wa pwani hulainisha tabaka hilo, na picha ikigusa kioo hunasa. Fremu ijayo iwekewe kadi yenye dirisha (iliyokatwa katikati ili picha ionekane bila kugusa kioo), isiyo na asidi, unene wa milimita 2 hivi. Picha ishikizwe kwa vipembe vya karatasi vinavyovishwa kwenye kona zake, kamwe si selotepu (mafundi wengi huipenda mno). Itundike ukuta wa ndani, si unaopigwa na mvua. Hiyo 7/25, yaani nakala ya 7 kati ya 25, usiikate ili picha ienee kwenye fremu.