Maswali yenu kuhusu Kawasaki: kwani huu ugonjwa unachagua kabila?

Wiki iliyopita niligusia ugonjwa wa Kawasaki, ile homa ya watoto inayovimbisha mishipa ya damu mpaka ile inayolisha moyo wenyewe, meseji zikamiminika. Nimechukua zinazouliza nani hasa anaupata.

Shikamoo dada nesi. Mume wangu anasema huo ni ugonjwa wa Wajapani, sisi hautuhusu. Kweli?

Marahaba mdogo wangu. Mumeo kashika nusu tu. Aliyeugundua ni daktari wa watoto wa Tokyo, Tomisaku Kawasaki, mwaka 1961 alipokea mtoto wa kiume wa miaka 4 ana homa na dalili ambazo hajawahi kuziona zikiwa pamoja, akaanza kuwakusanya wa aina hiyo mmoja mmoja, 1967 akaandika kuhusu watoto 50. Na Japani ndo inaongoza mpaka leo, kwenye kila watoto laki moja wa chini ya miaka 5 wanaugua zaidi ya 300 kwa mwaka, Marekani ni kama 20 hivi. Ila hukohuko Marekani watoto weusi wanaugua kuliko wazungu, kwahiyo hilo neno hautuhusu alifute kabisa.

Sasa si itakuwa chakula chao au hali ya hewa ya huko?

Swali zuri, na jibu lake lipo Hawaii. Kule kuna familia za asili ya Kijapani zimeishi vizazi na vizazi, watoto wanasoma shule moja na wazungu, wanavuta hewa hiyohiyo, lakini walipohesabiwa wa asili ya Kijapani walikuwa kama 210 kwa laki na wazungu kama 14. Bas, hapo damu inahusika. Halafu Japani mtoto akiugua, hatari ya ndugu yake wa tumbo moja ni kama mara 10 ya mtoto mwingine, na 2008 watafiti wa hukohuko wakapata jeni inaitwa ITPKC inayochangia. Lakini mi nawaambiaga watu jeni peke yake haitoshi, maana Japani walipata milipuko mikubwa 1979, 1982 na 1986, na jeni hazilipuki mwaka mmoja zikatulia mwaka unaofuata, lazima kuna kitu kinaingia mwilini kinauamsha, pengine kijidudu, na hakijapatikana bado.

Dada yangu yuko London anasema 2020 watoto weusi ndo waliugua Kawasaki ya korona.

Ule ni ugonjwa mwingine unaofanana nao, unakuja wiki kadhaa baada ya korona, unawapata wakubwa kidogo, tumbo linauma sana na presha inashuka. Ila dada yako hajakosea kuhusu weusi. Kundi la kwanza lililoripotiwa London lilikuwa watoto 8, na 6 kati yao wa asili ya Afrika na Karibea, Paris nako kwenye kundi la watoto 21, 12 walikuwa na asili ya Afrika. Japani, wenyewe wa Kawasaki, waliupata kidogo sana. Kwa maoni yangu kabla hatujakimbilia damu tuangalie kwanza nani alikuwa anatoka kwenda kazini wakati wengine wamejifungia, na nani analala watu sita nyumba ya vyumba viwili, maana korona iliwapiga hao zaidi na wanao wakafuata.

Mwanangu ni mweusi tii, huo wekundu nitauonaje?

Hapa ndo pananiumiza roho. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Kwa mtoto wetu upele unaweza usiuone mwekundu kabisa, pitisha kiganja mgongoni na kwenye kinena utausikia, halafu hamia pale rangi haifichi: macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo mikavu imepasuka, ulimi mwekundu wenye vipele kama stroberi. Mtoto mdogo angalia na kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, linaweza kuvimba likawa jekundu upya. Kuna mtoto nilimshika mkono wiki ya pili ya homa, ngozi inabanduka kuanzia chini ya kucha kama ganda la kitunguu, na muda wote huo alikuwa anatibiwa surua. Homa ikifika siku 5 na dalili hizo zipo, litamke jina Kawasaki mbele ya daktari, sio utovu wa adabu.

Inatibika?

Ndio, ukiwahi. Ni dripu ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, ndani ya siku 10 tangu homa ianze. Bila dawa kama mtoto 1 kati ya 4 mishipa ya moyo inatutumka, akitibiwa mapema wanashuka mpaka kama 1 kati ya 20. Aspirini usimpe mwenyewe, mwachie daktari. Na kliniki waambie alipata dripu hiyo, chanjo ya surua inasogezwa mbele kama miezi 11 baada ya dripu.

Wangu moyo uliharibika sababu ya tonsesi, ndo hii?

Hapana mama, hiyo ni homa ya baridi yabisi, inatokana na bakteria wa koo. Nayo ina sura ya kabila ukiiangalia haraka, New Zealand inawapiga sana Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, lakini msongamano na koo lisilotibiwa vinachangia sana. Huku kwetu ipo nyingi kuliko Kawasaki. Ile sindano yake ya penisilini ya kila wiki 4 usiruke hata moja, hata akiwa anacheza mpira vizuri tu.