Mbona maji hatuchagui kampuni kama laini ya simu?

SWALI: Kaka, salamu kutoka Malindi. Nina kihoteli karibu na soko, bili ya maji yapanda tu na siku nyingine mfereji watoa upepo, mwisho naita boza. Shemeji yangu yuko Uingereza asema huko biashara zajichagulia kampuni ya maji. Sisi kwani tumekatazwa?

JIBU: Dada yangu, shemejio hajakudanganya. England walifungua soko hilo Aprili 2017, Scotland walitangulia 2008, lakini unachochagua ni nani akusomee mita, akuletee bili na akusikize malalamiko, bomba ni lilelile na maji ni yaleyale, na wa majumbani England hawachagui kitu. Mfereji ukikauka, kubadilisha kampuni hakukuletei hata tone.

Kwetu Sheria ya Maji ya 2016 iliacha huduma kwa kaunti kupitia kampuni zenye leseni ya WASREB, bodi ya serikali inayosimamia huduma za maji. Maji ya Malindi yatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, sasa nani atalaza bomba la pili mpaka mjini? Ushindani tulionao ni boza na mikokoteni, na hapo ndipo roho yaniuma, maana anayenunua kwa mtungi ndiye hulipa zaidi kwa kila lita, na ndiye maskini.

Bei ya mfereji haipandi kihalali bila WASREB kuidhinisha na wananchi kusikizwa. Kikao kikiitwa nenda, beba bili, risiti za boza na daftari ulilo​andika siku ambazo mfereji ulikauka.