Kura Ilipitia Kanisani: Jibu kwa Mjomba kuhusu Wapuritani

Shikamoo mjomba. Umeuliza kama ni kweli Marekani ilianzishwa na watu waliokimbia mateso ya dini, wakaweka nchi yenye uhuru wa kuabudu chini ya wachungaji. Nakujibu kuhusu hapa Massachusetts, bila kupamba.

Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa la nchi yao, waliofika 1630 na gavana wao John Winthrop, walitaka uhuru wa kuabudu kwa njia yao, basi. Na mchungaji hakushika cheo serikalini. Hata ndoa ilifungwa na hakimu hadi 1686, kwa kuwa kwao haikuwa sakramenti. Sheria ya 1641 ilisema kanisa likimtenga mtu, halimvui cheo chake cha serikali. Ukiishia hapo utadhani kanisa na serikali vilitenganishwa vizuri.

Kitanzi kilikuwa kwenye kura. Tangu 1631, ili uchague gavana na wasaidizi wake ilibidi uwe mwanamume na mshiriki kamili wa kanisa. Ushirika wenyewe haukuwa ubatizo na kipaimara kama usharikani kwako. Mwombaji alihojiwa kwanza na wazee wa kanisa faraghani. Mwenye lawama juu ya mwenendo wake alisikilizwa. Kisha akasimama mbele ya washiriki wote aeleze jinsi neema ya Mungu ilivyomgeuza. Ushuhuda wa mwanamke mara nyingi ulisomwa kwa niaba yake. Wakiridhika, aliingia katika agano. Hapo bado mwanamume aombe kukubaliwa na Baraza Kuu la koloni na kula kiapo. Wengine walikwama kwa woga wa kusimama, wengine kwa kuogopa kudai wokovu wasiokuwa na hakika nao. Hao wa pili wananiuma sana, maana uaminifu wao ndio uliowafungia mlango.

Aliyebaki nje hakuachwa huru. Kutokwenda ibadani kulitozwa faini ya shilingi 5, na tangu 1638 kila mkazi alitakiwa kuchangia kanisa, awe mshiriki asiwe.

Waliopinga walifukuzwa. Mchungaji Roger Williams alihukumiwa kuondoka 1635, akaanzisha mji wa Providence mwaka uliofuata. Anne Hutchinson, mwanamke aliyefundisha dini nyumbani kwake, akahukumiwa 1637. Wakweka (Quakers), Wakristo wa kundi lingine, walipata makali zaidi: wanne walinyongwa Boston kati ya 1659 na 1661, Mary Dyer akiwa mmoja wao. Kisheria kosa lao lilikuwa kurudi baada ya kufukuzwa, na mahakimu walijitetea kwa hilo. Mimi siukubali utetezi huo: walifukuzwa kwa sababu gani kama si imani yao? Ilibidi Mfalme Charles II wa Uingereza aandike barua 1661 ndipo kunyonga kukome.

Wewe kama mzee wa kanisa utaelewa haraka lililowapata baadaye. Watoto wa washiriki walibatizwa, wakakua, lakini wengi hawakutoa ushuhuda. Je, watoto wao nao wabatizwe? Mkutano wa makanisa wa 1662 ulikubali, mradi mzazi akiri imani na aishi vyema, ila asishiriki Chakula cha Bwana wala kupiga kura kanisani. Sharika kadhaa zilipasuka kwa ugomvi huo.

Hati mpya ya kifalme ya 1691, iliyoweka utawala wa koloni, iliondoa sharti la ushirika; haki ya kura ikategemea mali ya mtu. Kodi ya kanisa ndiyo iliyokawia: Massachusetts iliifuta 1833, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru wa Marekani.