ULIZA UJIBIWE: Mbona bili ya joto Uingereza inauma hivi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi nimekaa Gothenburg, Sweden miaka mingi, mwaka jana tukahamia Leicester na mume na watoto. Kule sikuwahi kuwaza habari za joto, nyumba ina joto saa zote na kodi ya nyumba ni ile ile. Hapa tuna mita ya kuongeza hela kama LUKU, baridi ikianza naongeza leo keshokutwa imeisha, na chumba cha watoto bado kama friji, ukuta umeota fangasi weusi. Mume wangu anasema eti mi ndo natumia vibaya. Nimenunua hita ya umeme ili nipunguze gesi, nimefanya vizuri? – Mama Wawili, Leicester

JIBU: Mama Wawili pole sana, na shemeji naomba na yeye asome hapa. Bili yako iliamuliwa kabla hujazaliwa, na waliochimba mabomba na waliojenga hizo kuta.

Kule Gothenburg joto ulikuwa unalipa, ila lilikuwa ndani ya kodi ya nyumba, ndo maana hukuliona. Na lilikuwa halitengenezwi ndani ya nyumba yako, linatoka kwenye mitambo ya mji, maji ya moto yanapita chini ya barabara mpaka kwenye radieta, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto, na karibu maghorofa tisa kati ya kumi Sweden yanapashwa hivyo. Wanachoma mabaki ya miti, wanachoma taka, na hapo Gothenburg wanachukua hata joto linalobaki kwenye viwanda vya kusafisha mafuta. Taka nyingine wanaagiza nje, Uingereza ikiwemo, yaani uchafu wa huku unapasha watu kule na wao wanalipwa kuuchukua, hapo mi huwa nacheka tu. Tena toka 1991 Sweden serikali inatoza kodi kwa hewa ya kaboni inayotoka mafuta yakichomwa, kwahiyo mafuta ya kupashia nyumba yakawa ghali watu wakayaacha.

Uingereza walienda njia nyingine. 1965 wakapata gesi bahari ya Kaskazini, kuanzia 1967 mafundi wakapita nyumba kwa nyumba kubadilisha majiko na mitambo ya watu iendane na gesi hiyo mpya, kazi ya kama miaka kumi, na mpaka leo nyumba nyingi sana zina boila yake ya gesi, yaani mtambo wa kuchemsha maji ya radieta. Gesi ilikuwa rahisi basi nani ahangaike na kuta? Nyumba nyingi ni za zamani, zinavuja upepo. Kuipasha nyumba kama hiyo ni kuteka maji kwa pakacha. Halafu 2022 Urusi ilipovamia Ukraine bei ya gesi ikapaa Ulaya nzima, na nchi iliyotegemea gesi ndo ikaumia zaidi. Norway kwa mfano wanapasha kwa umeme wa maporomoko ya maji, ingawa kusini mwa nchi bei ya umeme nayo ilipanda, ila Iceland wao ni maji moto ya ardhini, hayo ya gesi hayakuwagusa sana majumbani.

Sasa hiyo hita yako. Hapana, irudishe kama risiti unayo. Umeme huko kwa yuniti ni karibu mara nne ya bei ya gesi. Hita ya kilowati 2 ukiwasha masaa matano jioni umekula yuniti 10, piga kwa peni kama 25 ni pauni mbili na nusu, kwa mwezi pauni 75 na hapo ni chumba kimoja tu. Kwa dharura sawa, ila sio kila siku.

Cha kufanya: boila yako kama ni ile isiyo na tanki, shusha joto la maji yanayoenda kwenye radieta mpaka 55 au 60, nyingi zimeachwa juu sana bila sababu, chumba kitachelewa kidogo kupata joto lakini gesi itapungua. Radieta ikiwa baridi juu na moto chini ina hewa, itoe kwa kile kifunguo kidogo. Nguo usianike chumba cha watoto, ule unyevu ndo unalisha fangasi, na fangasi mwandikie landilodi kwa barua pepe ili kuwe na ushahidi, usiishie simu. Kingine wengi hawajui, mita ya gesi inakata ada ya kila siku hata kiangazi usipowasha kitu, kwahiyo weka hela kidogo hata Julai la sivyo Oktoba unaanza na deni.

Na naomba tusikilizane wote, jiko la mkaa ndani marufuku, hata la kuchomea nyama tu. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu na inaua watu usingizini. England toka Oktoba 2022 landilodi lazima aweke kengele ya hewa hiyo kwenye chumba chenye boila, muulize yako iko wapi.

SWALI: Mdogo wangu yuko Warsaw anasoma, anasema Poland watu bado wanachoma makaa ya mawe majumbani. Ulaya kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kweli kabisa. Makaa ya mawe yanayochomwa majumbani Umoja wa Ulaya, sehemu kubwa ni Poland peke yake, wanachimba wenyewe. Kraków moshi uliwazidi, wakapiga marufuku makaa na kuni toka Septemba 2019. Mdogo wako kama yuko ghorofani Warsaw hataona jiko lolote, maji moto yanakuja kwa bomba kama Sweden, ila muulize kama anaijua mitambo ya Siekierki pale mjini, hayo maji yanachemshwa hasa kwa makaa ya mawe.